Hakushika usukani, mbona leseni yake isimamishwe?

Swali

Mwanangu ana miaka 17 na yuko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa viungani mwa Houston, Texas. Jumamosi iliyopita alikuwa kwenye sherehe nyumbani kwa mwenzake, majirani wakawaita polisi kwa sababu ya kelele, na polisi walipoingia wakamkuta ameshika kopo la bia. Gari lilikuwa hapa nyumbani kwangu. Yeye alipelekwa na rafiki yake. Wamempa tiketi ya kwenda kortini, na jirani yangu Mkenya ananiambia leseni lazima itachukuliwa. Mimi nafanya kazi zamu ya usiku, na yeye ndiye anayewapeleka wadogo zake shuleni asubuhi. Inakuwaje mtu ambaye hakuendesha anyang'anywe leseni ya kuendesha? Je, si afadhali akiri tu, tulipe faini yaishe? Na je, jambo hili laweza kutuharibia makaratasi yetu ya uraia? – Mama Tumaini

Jibu

Pole sana kwa mshtuko huo, Mama Tumaini, na nianze na jirani yako, kwa sababu alichokuambia ni kweli nusu. Sheria ya vileo ya Texas inasema kwamba kijana aliye chini ya miaka 21 akitiwa hatiani kwa kukutwa na pombe au kwa kuinywa, leseni yake husimamishwa hata kama siku ile hakulikaribia gari. Lakini kwa kosa la kwanza muda wa kusimamishwa ni siku 30, si mwaka wala maisha, na ipo njia halali kabisa ya kufanya hata hizo siku 30 zisifike. Katika miaka niliyofanya kazi za sheria na familia zetu zinazozungumza Kiswahili huku, sijaona nyumba iliyoangushwa na siku 30. Nyumba nilizoziona zikiyumba ni zile ambazo, kwa kuziogopa siku hizo, ziliipuuza tarehe ya korti, au zilikiri haraka ili yaishe, au zilimwacha kijana aendeshe kidogo kidogo wakati leseni imezuiwa.

Swali lako la kwanza ni la haki, na Wamarekani wenyewe wamelijadili kwa miongo mingi. Kwetu Tanzania, na Kenya vilevile, sheria inampa kijana ruhusa ya kununua bia na ruhusa ya kupata leseni ya gari dogo katika umri mmoja, miaka 18. Texas imezitenganisha ruhusa hizo: kijana anaweza kuanza kujifunza kuendesha akiwa na miaka 15, akapata leseni yenye masharti akiwa na miaka 16, lakini pombe haimhusu mpaka afikishe 21. Katikati kuna miaka mitano ambayo kijana ana gari na hana ruhusa ya chupa, na sheria inayomkabili mwanao ilitungwa kwa ajili ya miaka hiyo mitano.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1973 Texas yenyewe iliushusha umri wa kunywa hadi miaka 18, wakati majimbo mengi yalipokuwa yakifanya hivyo baada ya vijana wa miaka 18 kupewa haki ya kupiga kura kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 1971. Kilichofuata ni ajali. Vijana waliokatazwa kunywa katika jimbo lao walivuka mpaka kwenda jimbo la jirani lenye umri mdogo, wakanywa huko, wakarudi usiku kwa gari. Texas ikapandisha umri hadi 19 mwaka 1981. Mwaka 1984 Bunge la Marekani likapitisha sheria, iliyotiwa saini na Rais Ronald Reagan mwezi Julai, iliyoyaambia majimbo kwamba yasiyofika umri wa miaka 21 yatakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu. Jimbo la South Dakota, lililokuwa likiwaruhusu vijana wa miaka 19 kununua bia nyepesi, lilikwenda mahakamani kupinga, na mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba serikali kuu ina haki ya kuweka sharti hilo. Kufikia hapo Texas ilikuwa imekwisha kusalimu amri: tangu Septemba 1986 umri ni 21.

Utaona basi kwamba tangu mwanzo pombe ya vijana huku imekuwa ikitazamwa kwa jicho la barabara. Hatua ya kuigusa leseni ilitokana na hoja nyepesi kueleweka: faini hulipwa na mzazi, jela ni adhabu kubwa mno kwa kopo moja la bia, lakini leseni ni ya kijana mwenyewe, na kijana wa miaka 16 au 17 anayeishi mahali pasipo na daladala wala matatu hana kitu anachokithamini kuliko ufunguo wa gari. Wanasheria wa huku wanaziita sheria hizi kwa jina linalomaanisha kwamba ukitumia, unapoteza. Majimbo mengi yanazo, ingawa muda na masharti hutofautiana sana, kwa hiyo nakuomba usikubali ushauri wa ndugu aliye Minnesota au Ohio kana kwamba sheria ni moja. Yako ni ya Texas.

Hata hivyo leseni si kitu cha kunyakuliwa tu. Mwaka 1971, katika shauri la Bell dhidi ya Burson lililotoka jimbo la Georgia, Mahakama Kuu ilimsikiliza kasisi aliyekuwa akihudumia vijiji vitatu kwa gari lake, ambaye leseni yake ilisimamishwa baada ya mtoto wa miaka 5 kuligonga gari hilo kwa baiskeli. Mahakama ilisema kwamba leseni ikishatolewa yaweza kuwa nguzo ya riziki ya mtu, na kwa hiyo serikali haiwezi kuiondoa bila kumsikiliza kwanza kwa utaratibu wa haki. Ndiyo maana karatasi aliyopewa mwanao si hukumu, ila ni mwito. Mpaka leo hii, unaposoma jibu hili, leseni yake ni nzima, na kama hana kizuizi kingine anaweza kuwapeleka wadogo zake shuleni kesho asubuhi.

Sasa nije kwenye wazo la kukiri haraka ili yaishe. Wazazi wengi wamezoea tiketi za mwendo kasi, ambazo unalipa kwa simu na kuendelea na shughuli zako. Tiketi ya pombe ya kijana haiendi hivyo. Sheria ya Texas inasema kwamba aliye chini ya miaka 21 hawezi kukiri kosa la aina hii ila mbele ya hakimu, katika mahakama ya wazi, na kwa kuwa mwanao hajafika miaka 18, huenda mahakama ikataka wewe au baba yake mwepo. Kwa hiyo hata ukitaka kulipa na kusahau, hutaweza. Hilo ni jema, kwa sababu kukiri bila kuomba chochote ndiko kunakoleta hatia, na hatia ndiyo inayosimamisha leseni.

Nikueleze siku hiyo inavyokuwa, maana hofu nyingi inatokana na kutojua. Mashauri haya husikilizwa katika mahakama ndogo ya mji au ya hakimu wa amani wa kaunti, jengo ambalo mara nyingi limo pamoja na ofisi za kulipia maji na leseni za mbwa. Utakuta mabenchi yamejaa wazazi walioomba ruhusa kazini, wengine bado na sare za hospitali au za ghala, na vijana waliovalishwa mashati ya kanisani. Karani huita majina, na usishangae la kwenu likitamkwa kwa namna ambayo bibi yake asingeitambua, kwa hiyo kaa karibu na utege sikio. Kabla ya kufika kwa hakimu, mara nyingi mwendesha mashtaka huzungumza na kila familia pembeni kwa dakika chache. Dakika hizo chache ndizo muhimu kuliko zote, na watu wetu huzipoteza kwa kuitikia kila kitu kwa heshima. Kama Kiingereza chako hakikutoshi kwa mambo ya sheria, piga simu kwa karani siku kadhaa kabla na uombe mkalimani wa Kiswahili. Usimfanye mwanao kuwa mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Nimeona kijana akimtafsiria mama yake maneno ya hakimu, na yaliyomfikia mama yalikuwa nusu ya yaliyosemwa, tena nusu iliyokuwa nzuri.

Unachopaswa kuomba ni hukumu kuahirishwa kwa masharti. Mwanao anakiri au anasema hapingi shtaka, lakini hakimu hamtii hatiani. Anampa kipindi kisichozidi siku 180 cha kutimiza masharti, na akiyatimiza shauri linafutwa. Kwa kuwa hakuna hatia, leseni haiguswi. Masharti yenyewe si mepesi, na hayaepukiki: lazima ahudhurie kozi ya elimu ya vileo iliyoidhinishwa, na lazima afanye kazi za kujitolea kwa jamii kati ya saa 8 na 12 kwa kosa la kwanza, ikiwezekana kazi zinazohusiana na kuzuia matumizi mabaya ya pombe. Kutakuwa pia na gharama za mahakama. Hakimu anaweza kukutaka na wewe mzazi uhudhurie ile kozi. Akikutaka, nenda, hata kama ni baada ya zamu.

Sharti linalowaangusha wengi ni tarehe. Kozi ina siku 90 za kukamilishwa na cheti kupelekwa mahakamani. Mahakama inaweza kuongeza siku nyingine 90 ikiombwa kwa sababu nzuri, lakini lazima iombwe. Kijana asipoleta ushahidi kwamba amemaliza, hakimu huiagiza Idara ya Usalama wa Umma ya Texas, ile tunayoiita kwa herufi zake DPS, kuisimamisha leseni kwa muda unaoweza kufika miezi 6. Yaani aliyekimbia siku 30 anajikuta na miezi 6, si kwa sababu ya bia tena, ila kwa sababu cheti kilibaki kwenye droo ya jikoni. Peleka cheti mkononi, uombe nakala iliyogongwa muhuri, na uiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Jambo jingine la kujua ni kwamba njia hii inampa nafuu ya leseni, lakini haimrudishi kijana kuwa kama hajawahi kukamatwa. Akikutwa tena na pombe kabla ya kufika miaka 21, ule uahirisho wa kwanza utahesabiwa kama hatia ya awali, na adhabu zitapanda: saa za kujitolea zitakuwa kati ya 20 na 40, na leseni itasimamishwa siku 60. Mara ya tatu ni siku 180, na kwa aliyefikisha miaka 17 faini yaweza kupanda hadi dola 2,000 pamoja na uwezekano wa kufungwa.

Ikitokea ombi likakataliwa na akatiwa hatiani, basi faini ni hadi dola 500, kozi na kazi za kujitolea zinabaki palepale, na leseni itasimamishwa siku 30 kuanzia siku ya 11 baada ya hukumu. Hizo siku kumi za mwanzo zimewekwa kwa makusudi. Zitumie kupanga usafiri. Siku 30 zikiisha, hakikisha DPS haidai ada ya kurejesha leseni kabla hajarudi barabarani, kwa maana leseni hairudi yenyewe kwa sababu kalenda imefika.

Hapa naomba nikazie. Kuendesha gari katika siku zile 30 ni kosa jipya, linalojitegemea, na likirudiwa hupanda daraja. Najua mambo yanavyokwenda: mama amechoka kutoka zamuni, mtoto mdogo ana homa, duka la dawa liko maili mbili, na kijana anajua njia. Lakini polisi wa huku husoma namba ya gari kwenye kompyuta kabla hata hawajawasha taa, na kijana mwenye leseni iliyosimamishwa akisimamishwa hana la kueleza. Bima nayo hupanda, au kampuni hukataa kabisa kumkatia. Vivyo hivyo kutokwenda kortini: kwa kijana wa miaka 17 mahakama yaweza kutoa hati ya kukamatwa, na leseni ikazuiwa isihuishwe mpaka shauri limalizwe. Nimemwona kijana aliyegundua hati ya namna hiyo akiwa na miaka 22, siku alipokwenda kuomba kazi ya udereva wa lori. Bia yenyewe alikuwa ameshaisahau.

Niguse na desturi zetu, kwa sababu ndipo familia nyingi hukwama bila kujua. Sheria ya Texas ina mlango mmoja mdogo: kijana anaweza kunywa ikiwa yuko mbele ya macho ya mzazi wake, mlezi wake wa kisheria, au mwenzi wake wa ndoa aliye mtu mzima. Kwa hiyo ukiwa naye mezani harusini na ukamruhusu aonje, Texas inakuachia. Lakini mzazi wanayemtaja ni mzazi kwa hesabu yao. Kwetu baba mdogo ni baba, mama mkubwa ni mama, na mjomba akisema amesema. Mbele ya hakimu wa Houston hao wote ni watu baki. Baba mdogo akimpa kijana bia kwenye kipaimara cha binamu yake, anatenda kosa la kumpatia pombe mtu asiyefika umri, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha mwaka 1 na faini ya dola 4,000. Zaidi ya hapo, mtu mzima ambaye si mzazi akimnywesha aliye chini ya miaka 18 nyumbani kwake, na kijana akatoka akasababisha ajali, mwenye nyumba anaweza kudaiwa fidia. Nakuomba uwaambie wajomba. Nakuomba pia, ikiwa usiku ule hukuwepo, usije ukamwambia hakimu kwamba ulikuwepo. Ripoti ya polisi ina saa na majina, na uongo mbele ya mahakama ni tatizo kubwa kuliko lile mlilokwenda nalo.

Upo mlango wa pili ambao kila kijana anapaswa kuujua, na umekuwamo kwenye sheria ya Texas tangu mwaka 2011. Mwenzao akizidiwa na pombe, akalala bila kuamka au akaanza kutapika akiwa amezimia, kijana anayekuwa wa kwanza kupiga 911, akabaki hapo na kushirikiana na watoa huduma na polisi, hashtakiwi kwa kunywa wala kwa kukutwa na pombe. Vijana wamekufa kwenye sherehe za namna hii kwa sababu wenzao waliogopa tiketi kama hiyo aliyopewa mwanao.

Kama angekuwa anaendesha, ningekuandikia jibu tofauti kabisa. Kwa aliye chini ya miaka 21, Texas haipimi kama amelewa au la. Kiasi chochote cha pombe kinachoweza kugundulika mwilini kinatosha. Leseni husimamishwa na DPS yenyewe kwa siku 60 mara ya kwanza, na akikataa kupimwa ni siku 180, na una siku 15 tu tangu kupewa taarifa za kuomba kusikilizwa. Msimamo huo ulienea nchi nzima baada ya sheria ya mwaka 1995, iliyotumia tena fimbo ileile ya fedha za barabara kuyataka majimbo yaweke kiwango cha pombe kwa vijana kisichozidi asilimia 0.02 ya damu.

Sasa nije kwenye dawa za kulevya, ingawa hukuziuliza, kwa sababu huenda sherehe aliyokuwapo mwanao haikukosa kuwa nazo. Wazazi wetu wanaijua bangi kwa harufu. Wengi hawakijui kile kidude kama kalamu ya kuandikia ambacho vijana hukivuta mvuke, wenyewe wakikiita vepu, na ambacho kinaweza kuwa na mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye bangi. Hakinuki, kinakaa mfukoni pamoja na simu, na kwa sheria ya Texas ni balaa kuliko bangi yenyewe. Majani ya bangi chini ya wakia 2 ni kosa la daraja B, linaloweza kumfunga mtu hadi siku 180. Yale mafuta, hata yakiwa chini ya gramu 1, ni kosa kubwa la jinai, lenye kifungo cha kati ya siku 180 na miaka 2. Texas pia ni miongoni mwa majimbo machache yanayomhesabu kijana wa miaka 17 kuwa mtu mzima katika mashtaka ya jinai. Kwa pombe mwanao ni mtoto mpaka 21. Kwa kile kidude ni mtu mzima tangu siku alipotimiza 17. Leseni hapo inakuwa jambo dogo, ingawa nayo inaweza kusimamishwa kwa muda mrefu kuliko siku 30. Mwulize kwa upole, na uulize mapema.

Hilo linanipeleka kwenye makaratasi. Tiketi ya kukutwa na kopo la bia, yenyewe peke yake, kwa kawaida si sababu ya kufukuzwa nchini wala ya kunyimwa uraia. Dawa za kulevya ni habari nyingine. Sheria ya uhamiaji inasema kwamba asiye raia aliyetiwa hatiani kwa kosa la dawa za kulevya anaweza kuondolewa nchini, isipokuwa awe na kosa moja tu la bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Isitoshe, kule uhamiaji uahirisho wa hukumu ambao kijana alikiri kosa na kupewa masharti unaweza kuhesabiwa kuwa hatia hata kama mahakama ya Texas imelifuta shauri. Kwa hiyo likija shtaka lolote la dawa, msikiri chochote kabla ya kumwona wakili anayejua jinai na uhamiaji kwa pamoja.

Kuhusu tiketi ya sasa, tunza karatasi zote za mahakama. Siku mwanao atakapojaza fomu ya kuomba uraia ataulizwa kama aliwahi kukamatwa au kupewa tiketi ya kosa, naye atapaswa kulitaja hili hata kama lilifutwa. Linalowanyima watu uraia mara nyingi ni kuficha. Na kama ametiwa hatiani mara moja tu, akifika miaka 21 anaweza kuiomba mahakama iifute rekodi hiyo kwa upande wa Texas, ili waajiri na vyuo wasiione. Kwa upande wa uhamiaji bado ana wajibu wa kuieleza.

Umeniuliza pia, kwa maneno yako, kama sheria hii ni ya haki, na nisingependa kukwepa. Idara ya usalama barabarani ya Marekani imekadiria kwamba sheria za umri wa miaka 21 ziliokoa maisha ya watu 31,959 kati ya mwaka 1975 na 2017, na siwezi kuipuuza hesabu hiyo nikiwa nimehudhuria mazishi ya vijana wa jumuiya yetu. Tafiti zilizoangalia kusimamishwa kwa leseni peke yake nazo zimeonyesha kwamba ajali za vijana waliokunywa hupungua. Kwa hiyo naikubali sheria inapomgusa kijana anayekunywa na kuendesha, na naielewa inapomgusa anayekunywa tu.

Ninachokilalamikia ni kwamba uzito wake haulingani. Familia yenye magari matatu na mama asiye na zamu ya usiku itazihisi siku 30 kama usumbufu. Kwako zinagusa wadogo zake ambao hawakushika kopo lolote. Hakimu hana mizani ya kupima hilo, kwa sababu sheria imemwekea siku tayari. Majimbo mengine yameanza kuliona jambo hilo: Pennsylvania, kwa sheria ya mwaka 2018 iliyoanza kutumika Aprili 2019, iliacha kusimamisha leseni kwa makosa ya dawa za kulevya yasiyohusu kuendesha, kwa hoja kwamba mtu asiye na leseni hukosa kazi, na mtu aliyekosa kazi hayuko salama zaidi barabarani wala nyumbani.

Tukirudi kwenye asubuhi zako, usingoje siku ya korti. Wiki hii nenda ofisi ya shule ya wadogo zake ukaulize kuhusu basi la njano. Wilaya nyingi za shule huku husafirisha wanafunzi wanaokaa maili 2 au zaidi kutoka shuleni, na zipo zinazokubali walio karibu zaidi pale njia inapokuwa ya hatari kwa miguu. Kuwaingiza kwenye orodha na kupangiwa kituo huchukua siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki. Waandikishe sasa. Hakimu akikubali kuiahirisha hukumu na leseni ikabaki, unaweza kulifuta ombi la basi kwa simu moja; akikataa, siku ya 11 itawakuta watoto wanajua wasimame kona ipi na saa ngapi.